Mke wa Mtu na Fidla ya Stempenyu

Mtu anayetaka kuipandisha *Stempenyu* jukwaani hukwama kabla hata hajatafuta waigizaji, kwa sababu katika riwaya hiyo karibu hakuna linalotokea. Mpiga fidla maarufu anakuja mji mdogo kupiga muziki harusini. Anamwona mke wa mtu, na mke wa mtu anamsikia. Zinafuata siku za kuviziana kwa macho, barua moja iliyojaa makosa ya tahajia, na mkutano mmoja wa usiku ambao mwanamke anaukatiza mwenyewe na kukimbilia kwa mumewe. Hakuna fumanizi, hakuna kisu, hakuna mimba ya kuficha. Mtayarishaji yeyote wa tamthilia za televisheni angeirudisha hati hiyo siku hiyohiyo.

Hata hivyo watu wa jukwaa hawakuiacha. Mwandishi mwenyewe aliigeuza tamthilia, ikaonyeshwa New York mwaka 1907, ikaanguka. Miaka 22 baadaye kampuni nyingine ya mji huohuo ikaijaribu upya, safari hii kwa muziki uliotungwa na mtu aliyekuwa mpiga fidla wa kweli. Sura hii inafuata majaribio hayo mawili, maana ndani yake limo swali ambalo kila anayehamisha kitabu jukwaani hana budi kulijibu: mapenzi haya yanakaa kwa nani, kwa anayepiga au kwa anayesikiliza? Nadhani yanakaa kwa anayesikiliza. Na nadhani jukwaa, kwa mazoea yake ya kumulika mwenye sauti, lilimmulika asiyehusika.

Kwanza kitabu chenyewe. Sholem Aleichem ni jina la kalamu la Solomon Rabinovich, aliyezaliwa mwaka 1859 Pereyaslav, katika Ukraine ya leo, enzi hizo ikiwa chini ya dola ya Urusi. *Stempenyu* aliitoa mjini Kiev mwaka 1888, pamoja na toleo la kwanza la *Di Yidishe Folksbibliotek*, mkusanyiko wa maandishi ya Kiyidi alioufadhili kwa mali iliyotoka kwa baba mkwe wake. Kiyidi ndiyo lugha waliyozungumza Wayahudi wa Ulaya Mashariki: msingi wake ni Kijerumani, ndani yake mna maneno mengi ya Kiebrania na ya lugha za Kislavoni, na huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Wasomi wengi wa Kiyahudi wakati huo waliidharau, wakaiona lugha ya jikoni na sokoni. Kijana huyu wa miaka 29, mwenye fedha za kuchezea, aliamua kuithibitisha kuwa lugha ya fasihi, na akawalipa vizuri waandishi waliomletea kazi.

Mji wa hadithi anauita Mazepevke. Rokhele, mwanamke mzuri aliyeolewa karibuni, anaishi nyumbani kwa wakwe zake. Mama mkwe, Dvosye-Malke, anamlisha, anamvisha, anamsifu mbele za watu; hana mateso ya kusimulia shoga zake. Mumewe, Moyshe-Mendl, ni kijana wa heshima ambaye siku yake nzima iko sinagogini na kwa marafiki, naye akirudi nyumbani anakula, analala. Si mkali, si mlevi. Hazungumzi naye tu. Upweke huo wa mwanamke aliyeshiba ndio kitu kipya alichokiona Sholem Aleichem, na ni kigumu kuonyesha jukwaani kuliko kipigo.

Kisha Stempenyu anafika na kundi lake. Ana nywele nyeusi ndefu, macho yanayowaka, na sifa mbaya ya kuwa na mchumba katika kila mji aliopita. Mmoja wa wachumba hao, Freydl, hakukubali kuachwa. Alimfuata, akambana mpaka akamwoa, na sasa anamtawala yeye na fedha zake. Mwandishi anafika mahali pa kueleza jinsi Stempenyu anavyopiga, anajikuta hana maneno, na kukiri huko ndiko kunakomfanya msomaji asikie. Anaeleza uso wa bibi harusi. Anaeleza ukumbi ulionyamaza. Fidla yenyewe anaiacha ijiseme kwa watu inaowapitia, na Rokhele ni mmoja wao.

Ni lazima kujua wanamuziki hawa walikuwa watu gani. Waliitwa klezmer, na kazi ilikuwa ya ukoo: baba alimrithisha mwana chombo na nyimbo. Kundi lilikuwa na fidla ya kwanza, ambaye ndiye bosi, fidla ya pili ya kumfuata, besi, klarineti, ngoma, na mara nyingi tsimbl, chombo cha nyuzi nyingi zinazogongwa kwa vijiti viwili. Kabla ya ndoa kufungwa, bibi harusi aliketishwa mbele ya wanawake, na mshereheshaji aitwaye badkhn akamtungia papo hapo mashairi ya kumkumbusha usichana unaokwisha, wazazi waliofariki, majukumu yanayomngoja. Fidla ilikwenda nyuma ya maneno hayo mpaka bibi harusi alie, na wanawake wote walie naye. Baadaye ndipo zilipokuja ngoma za kucheza, na kila ngoma ililipiwa na aliyeiomba. Msomaji wa pwani anayejua kutunza kwenye taarab hahitaji maelezo marefu hapo.

Usiku wa harusi walikuwa wafalme. Asubuhi walikuwa watu wa kuangaliwa kwa jicho la pembeni, na baba mwenye jina mjini asingemwoza klezmer binti yake. Walikuwa na msimbo wao wa mazungumzo, wakipanga bei na kuwasengenya waalikwa mbele ya waalikwa wenyewe, na Sholem Aleichem aliyaweka maneno hayo vinywani mwao kwenye riwaya, akayatolea maelezo ya chini ya ukurasa. Alikuwa mshabiki wao tangu utotoni. Hadithi yake fupi *Oyfn fidl* ni ya mtoto aliyerukwa na akili kwa ajili ya chombo hicho.

Stempenyu alikuwepo kweli. Jina lake lilikuwa Yosele Druker, alizaliwa mwaka 1822 na kufa 1879, na makao yake yalikuwa Berdychiv, mji ambao sensa ya mwaka 1897 iliukuta ukiwa na Wayahudi karibu asilimia 80 ya wakazi wote. Mji ule ulikuwa na zaidi ya bingwa mmoja: Aron-Moyshe Kholodenko, aliyejulikana kama Pedotser, alikuwa na wafuasi wake, na ubishi wa nani zaidi ulikuwa sehemu ya burudani. Katika karne ya 20 mtafiti Moshe Beregovski wa Kiev alizunguka Ukraine akikusanya muziki wa klezmer, na sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu mabingwa hao imepita mikononi mwake. Yeye mwenyewe alikamatwa na serikali ya Stalin mwaka 1950 na kupelekwa kambini.

Kwa hiyo riwaya ilipotoka, marehemu alikuwa na miaka tisa kaburini, na wako waliocheza kwenye harusi zao kwa fidla yake. Jambo hilo lina uzito kwa historia ya jukwaa. Miongoni mwa watu ambao wangekata tiketi New York miaka ya mbele, wamo waliotoka upande huohuo wa Ukraine, waliokua na jina la Stempenyu kama jina la bingwa wa kweli, na waliojua mkono wa mpiga fidla unavyokwenda.

Kwa nini hadithi iishe kwa Rokhele kurudi nyumbani? Jibu moja limo vitani. Mwaka huohuo wa 1888 Sholem Aleichem alichapisha *Shomers mishpet*, kijitabu kilichomshtaki Shomer, mwandishi aliyekuwa akisomwa kuliko wote, aliyemwaga mamia ya hadithi za mapenzi zenye masultani, hazina zilizofichwa na wajakazi wanaogeuka mabinti wa kifalme. *Stempenyu*, iliyobeba maelezo chini ya jina lake kwamba ni riwaya ya Kiyahudi, ilikuwa ushahidi wa mashtaka hayo: hivi ndivyo mapenzi yanavyoonekana kwa watu wetu, ambako ndoa hupangwa na mshenga na mwanamke hana pa kutorokea. Aliitunuku kwa Mendele Moykher Sforim, mwandishi mkongwe aliyemwita babu. Msichana aliyekimbia na mpiga fidla angekuwa msichana wa Shomer.

Kinachomrudisha Rokhele ni kumbukumbu ya rafiki. Khaye-Etl alikuwa yatima aliyependa, akaachwa, akaozwa kwingine, akafa akiwa bado kijana. Usiku wa mkutano, Stempenyu akiwa mbele yake, Rokhele anamkumbuka marehemu waziwazi mno, hofu inamshika, anakimbia. Baada ya hapo mambo yanakwenda haraka kupita kiasi. Anazungumza na mumewe, mumewe ghafla anakuwa na masikio, wanahamia Yehupetz (jina ambalo Sholem Aleichem huupa mji wa Kiev), wanafungua duka, wanapata mtoto. Mimi sikipendi kipande hicho. Mwandishi aliyetumia kurasa nyingi kuonyesha kwamba mwanamke huyu hana wa kumsikiliza, anamtengenezea mume msikivu kwa kurasa chache, kwa sababu hoja yake dhidi ya Shomer inahitaji ushindi. Jukwaani haraka hiyo huonekana zaidi, maana mwigizaji wa Moyshe-Mendl hana mahali pa kubadilikia.

Tuje kwenye tamthilia. Tangu mwaka 1883 serikali ya Urusi ilikuwa imepiga marufuku maonyesho ya Kiyidi, na vipaji vingi vikavuka bahari. Vizuizi vilipoanza kulegea mwanzoni mwa karne ya 20, Sholem Aleichem, ambaye sasa hakuwa tena mtu wa mali, aliona jukwaa ndilo litakalomlisha. Aliigeuza *Stempenyu* kuwa mchezo, uliokwenda pia kwa jina la *Yidishe tekhter*, yaani Mabinti wa Kiyahudi. Jina hilo la pili linafichua kwamba yeye mwenyewe alijua hadithi ni ya nani.

Oktoba 1905 umati ulishambulia Wayahudi wa Kiev, ukapora na kuua. Familia yake ilinusurika, lakini hakutaka kubaki. Alizunguka Ulaya akisoma hadithi zake mbele ya watu, na Oktoba 1906 akatia mguu New York, akapokewa kwa shangwe na wahamiaji waliomjua kwa vitabu na magazeti.

New York ilikuwa na jukwaa la Kiyidi lenye nguvu kuliko lolote duniani, na lilikuwa la manyota. Boris Thomashefsky, mzaliwa wa Ukraine mwaka 1868, alianza kuimba na kuigiza mjini humo akiwa kijana mdogo, na kufikia wakati huu alikuwa kipenzi cha wanawake wa Lower East Side, maarufu kwa miguu yake ndani ya suruali za kubana kama alivyokuwa kwa sauti yake. Alishika People's Theatre kwenye mtaa wa Bowery. Mpinzani wake Jacob Adler, mrefu, mwenye uso wa kifalme, alishika Grand Theatre, jumba lililofunguliwa mwaka 1903 likiwa limejengwa mahususi kwa ajili ya tamthilia ya Kiyidi. Mashabiki wao walitukanana vibarazani. Adler ndiye aliyekuwa amempa nafasi Jacob Gordin, mwandishi aliyeleta michezo mizito ya familia na adhabu ya dhamiri, ukiwemo *Mfalme Lear wa Kiyahudi* mwaka 1892. Upande wa pili ulikuwepo mchezo wa nyimbo, machozi na vichekesho, ambao wasomi waliudharau na watazamaji waliujaza ukumbi.

Wote wawili walimtaka mgeni. Usiku wa 8 Februari 1907 Adler alifungua mchezo mwingine wa Sholem Aleichem, *Samuel Pasternak*, unaohusu walanguzi wa soko la hisa, na usiku huohuo Thomashefsky akafungua *Stempenyu*. Mwandishi mmoja, majumba mawili hasimu, jioni moja. Kwa anayeijua biashara ya maonyesho, huo tayari ni msiba, kwa kuwa watazamaji wake waligawanywa na kila kundi likaenda kumshangilia nyota wake, mwandishi akabaki jina kwenye bango.

Magazeti ya Kiyahudi ya kihafidhina yalimsifu. Lakini gazeti lenye sauti lilikuwa *Forverts*, la wasoshalisti, chini ya Abraham Cahan, na humo michezo yote miwili ilichanwachanwa. Kulikuwa na siasa ndani yake: Sholem Aleichem alikuwa amekumbatiwa na mahasimu wa wasoshalisti hao, na tabasamu lake kwa Wayahudi wa kale halikuwapendeza watu waliotaka mgomo na mapinduzi. Majuma machache tu, yote miwili ikashushwa. Kiangazi cha mwaka huo alirudi Ulaya bila fedha alizozitarajia, na alipokuja kuandika *Blondzhende shtern*, riwaya yake kubwa kuhusu waigizaji wanaotangatanga, iliyotoka magazetini kati ya 1909 na 1911, mameneja wa majumba ya maonyesho hawakupata huruma nyingi.

Ni rahisi kuwalaumu wahakiki, na waandishi wengi wa maisha yake wamefanya hivyo. Mimi nawaonea wahakiki hao huruma kidogo. Chukua kitabu, ondoa msimulizi, uone kinachobaki. Msimulizi wa *Stempenyu* ni mcheshi, mbea, anayekatiza habari yake kutoa maoni juu ya soko, wakwe na waandishi wenzake. Yeye ndiye anayetueleza kwamba Rokhele amelala macho wazi huku wimbo wa jana ukirudi kichwani, na kwamba hajui ni wimbo anaoulilia au ni mpigaji. Ndani ya mchezo, mwanamke huyo yumo tu kitandani, kimya. Ukimpa hotuba ya kueleza moyo wake, umeiharibu hali yenyewe, kwa sababu tatizo lake ni kwamba hana maneno ya jambo hilo wala mtu wa kumwambia. Usipompa, watazamaji wa People's Theatre, waliolipa kumwona nyota akipenda na akilia, watauliza mwanamke huyu yuko hapa kufanya nini.

Na fidla je? Katika kitabu, Sholem Aleichem alijiokoa kwa kukiri kwamba haiwezi kuelezwa. Jukwaani kukiri huko hakusaidii. Fidla itasikika kweli, na itabidi iwe nzuri kuliko zote ambazo mtazamaji amewahi kuzisikia, vinginevyo kuduwaa kwa Rokhele kutaonekana ujinga. Ziko njia mbili za kawaida. Mwigizaji anashika fidla na kupeleka upinde hewani huku fundi aliyejificha kwenye shimo la okestra akipiga. Au unamleta mpiga fidla wa kweli na kumfundisha kutembea na kusema. Njia ya kwanza huchekesha ukumbi wenye watu wanaojua mkono wa kushoto unapaswa kuwa wapi. Ya pili inakupa mtu anayeuteka ukumbi anapopiga na kuupoteza anapofungua mdomo.

Mwaka 1929 Maurice Schwartz alijaribu kulitatua suala hilo kutokea upande wa muziki. Schwartz alikuwa ameanzisha Yiddish Art Theatre mwaka 1918, akitangaza kwamba atafanya tamthilia ya fasihi badala ya ibada ya nyota, ahadi aliyoitimiza kwa sehemu, kwa kuwa nyota alikuwa yeye. Alikuwa na historia nzuri na Sholem Aleichem: mwaka 1919, mwandishi akiwa amekwisha kufa Bronx miaka mitatu kabla, alimpandisha jukwaani Tevye muuza maziwa na kumfanya wa kwake kwa maisha yote. Alipenda jukwaa lililojaa watu, harusi, soko, maandamano, na *Stempenyu* ina harusi.

Muziki alimpa Joseph Achron. Huyu alizaliwa mwaka 1886 katika Lithuania ya leo, akapiga fidla hadharani akiwa mtoto, akasoma Saint Petersburg kwa Leopold Auer, mwalimu yuleyule wa Jascha Heifetz. Kipande chake *Melodi ya Kiebrania* cha mwaka 1911 kilizunguka dunia mikononi mwa Heifetz. Alipohamia Marekani miaka ya 1920 aliitungia kampuni ya Schwartz muziki wa michezo kadhaa. Kwa *Stempenyu* alikuwa na faida ambayo Thomashefsky hakuwa nayo: aliijua fidla kwa vidole, na aliujua muziki wa klezmer bila kuwa mtumwa wake. Baadaye aliutoa muziki huo kwenye mchezo na kuufanya suti fupi ya fidla na piano.

Suti hiyo bado hupigwa. Mchezo wa Schwartz hauonyeshwi. Nadhani matokeo hayo yanasema wazi kazi ya Achron ilikwenda upande gani: alimpatia Stempenyu sauti inayostahili sifa zake, na sauti hiyo ikaweza kusimama bila Rokhele, bila Freydl, bila Mazepevke. Yaani upande wa anayepiga ulishinda tena, safari hii kwa haki. Upande wa anayesikiliza ukabaki pale pale ulipoachwa mwaka 1907.

Wakati huo Moscow ilikuwa imeshagundua matumizi mengine ya mpiga fidla. Marc Chagall, alipoupamba ukumbi mdogo wa tamthilia ya Kiyidi mwaka 1920 kwa ajili ya jioni ya michezo mifupi ya Sholem Aleichem, alichora ukutani mpiga fidla mkubwa mwenye uso wa kijani, amesimama juu ya paa za kijiji, na kuuita ubao huo *Muziki*. Picha za namna hiyo za Chagall ndizo zilizowapa Wamarekani jina la *Fiddler on the Roof*, mchezo wa nyimbo uliofunguliwa Broadway Septemba 1964 na kuonyeshwa mara 3,242. Hadithi ni ya Tevye na binti zake. Mpiga fidla wa Sholem Aleichem anayejulikana kuliko wote duniani si mhusika wa Sholem Aleichem. Hana jina, hana mke, hatongozi, hasemi neno. Amepewa kazi ya kuwa ishara ya mila, kazi ambayo ingemchekesha sana yule Stempenyu wa barua za mapenzi.

Na bado kimya cha yule wa Broadway kinanipa wazo. Tuseme mtu leo anataka kurudi kwenye riwaya, kwa Kiyidi au lugha nyingine. Mimi ningemshauri amtoe Stempenyu machoni pa watazamaji kila anapopiga. Aweke fidla nyuma ya ukuta, chumba cha wanaume, ambako harusi za namna ile kwa kweli zilitenganisha macho ya watu, na amwache Rokhele mbele yetu na mama mkwe upande mmoja na shoga zake upande wa pili, akijaribu kutunza uso wake usiseme kitu. Hapo mwigizaji ana kazi. Wimbo unaanza, anajua mama mkwe anamwangalia, anajua kulia kunaruhusiwa kwa sababu kila mwanamke analia, na anajua pia kwamba yeye halii kwa ajili ya bibi harusi. Dakika tano za namna hiyo zinahitaji mpiga fidla hodari asiyejua kuigiza hata kidogo, na mwanamke hodari asiyepewa hata mstari mmoja wa kusema. Barua ya Stempenyu, na makosa yake ya tahajia, ingesomwa na Rokhele mwenyewe kwa sauti ya chini, akisita kwenye kila kosa. Ndipo tunagundua pamoja naye kwamba mtu mwenye ufasaha wote ule ana ufasaha wa chombo kimoja tu.

Mandhari yenyewe haipo ya kwenda kuiga. Septemba 1941 wanajeshi wa Hitler waliwaua Wayahudi wa Berdychiv kwa maelfu nje ya mji, akiwemo mama wa mwandishi Vasily Grossman. Mwongozaji anayejua hilo hushawishika kuupaka mchezo majivu tangu mwanzo, kila mgeni harusini akitembea na kifo usoni. Ningemwomba asifanye hivyo. Watu wa Mazepevke wana shughuli zao: bei ya bidhaa, mahari ya binti, mwanamuziki aliyekunywa sana.

Aliyedhulumiwa kuliko wote katika hadithi hii, kitabuni na jukwaani, ni Freydl. Sholem Aleichem amemchora bahili, anayekopesha kwa riba, anayemnyang'anya mumewe kila rubli anayoleta, na kila aliyemwigiza amepewa ruhusa ya kumfanya kichekesho. Lakini hebu tuipige hesabu ya nyumba ile. Mume analipwa kwa ngoma, leo mia kesho bure. Mkono wake uko wazi kwa kila ombaomba. Ana historia ya uchumba katika miji mingi, na hakuna anayejua ni lini kidole kitaacha kumtii. Mtu anayeweka akiba katika nyumba hiyo ni mtu mwenye akili, na wivu wake una sababu anazoweza kuzitaja kwa majina na miji. Mwigizaji mzuri akipewa Freydl huyo, bila kuamriwa amfanyie mzaha, tutakuwa na pembe ya tatu ya hadithi ambayo mwandishi aliifunika kwa vicheko.

Aliifunika akiwa tajiri. Mwaka 1890, miaka miwili tu baada ya kitabu kutoka, Sholem Aleichem alipoteza kila kitu kwenye soko la hisa, akawakimbia wadai wake nje ya nchi, na aliyetoa fedha zake zilizosalia kuyalipa madeni hayo alikuwa mama wa mkewe.